"Ndago Mtoto" Aliyekwisha Zaa: Uchambuzi wa Kisa cha Kimea cha Jabalini

Gazeti la zamani lilifunguliwa mezani kwangu mwezi wa Juni, na ndani yake mlikuwa na vimea 14 vilivyokaushwa, kirefu kuliko vyote kikiwa na sentimita 7. Lebo iliandikwa kwa kalamu ya risasi: "Cyperus rotundus, bado changa. Mchanga mkavu juu ya jabali, kusini mwa Dodoma. Mei."

Kijana aliyevileta alikuwa msaidizi wa uwandani katika kazi ya kuorodhesha mimea ya jabali moja ambalo watu walitaka kulifungulia machimbo ya kokoto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hudai tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi ya namna hiyo, na rasimu ya ripoti ilikuwa tayari. Sehemu ya mimea ilichukua nusu ukurasa. Sentensi yake iliyobeba uzito wote ilisema kwamba juu ya jabali kuna ndago na magugu mengine, dalili ya eneo lililokwisha kuvurugwa.

"Samahani, Mwalimu," kijana aliniambia, "ndago hii niliichimba kwa kisu mpaka nikagonga mwamba. Viazi vyake sikuviona."

Hakuwa na hoja zaidi ya hiyo, wala hakuhitaji nyingine. Anayeijua ndago kweli anajua kwamba ndago bila viazi ni kama nyumba ya siafu bila siafu.

Mkulima wa Tanzania anaijua ndago kwa mgongo wake. Unaing'oa leo, mvua mbili zikipita iko palepale, kwa kuwa ulichoondoa ni majani tu. Viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga vimebaki chini vikikucheka. Cyperus rotundus huenea kwa viazi hivyo kuliko inavyoenea kwa mbegu, na ndiyo maana jembe humsaidia kuenea badala ya kumkomesha. Lakini jina lenyewe "ndago" kwa Kiswahili cha shambani halina mpaka mmoja. Chochote chenye majani membamba, shina la pembe tatu na kichwa cha visuke vya kahawia huitwa hivyo. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mtama chini ya jabali lile alimwambia kijana, "Hiyo ndago mtoto, baba. Iache ikue utaiona." Mama alikuwa sahihi kwa kiwango chake: alitaja ukoo. Kosa lilitokea mezani, pale mtu alipochukua jina la ukoo na kuliandika kwa Kilatini kama jina la mmoja wa watoto, tena yule mkorofi kuliko wote.

Na ukoo wenyewe ni mkubwa. Jenasi Cyperus peke yake ina spishi zinazokaribia 950. Mafunjo yanayosimama mita 4 na zaidi kandokando ya maziwa na mabwawa ni Cyperus. Ndago ya shambani ni Cyperus. Na hiki kilicholala kwenye gazeti, ambacho ungeweza kukifunika kwa kiganja kikiwa na mizizi yake yote, nacho, kama tutakavyoona, ni Cyperus.

Umri kabla ya jina

Neno lililonisumbua zaidi kwenye lebo halikuwa la Kilatini. Lilikuwa "changa". Lilikuwa limeandikwa kwa kujiamini, na lilikuwa limefunga mlango: mmea ukishaitwa mchanga, kila kinachokosekana kwake kinapata udhuru. Hauna viazi? Utavipata. Hauna kimo? Utarefuka.

Basi nilianza na umri. Chini ya lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, visuke vya chini vilikuwa vimekwisha kupukutisha. Juu ya karatasi, chini ya kila kichwa, palikuwa na vumbi la kahawia, na lile vumbi lilikuwa vitunda vilivyokomaa, vyenye pembe tatu, kila kimoja chini ya milimita moja. Mtoto hazai. Kimea hiki cha sentimita 5 kilikuwa kimemaliza kazi yake ya duniani kabla kijana hajafika na kisu.

Ikafuata mizizi. Yote ilikuwa nyuzi laini zenye wekundu, zikitoka sehemu moja kama ndevu. Hapakuwa na rizomu, yaani shina linalotambaa chini ya ardhi, hapakuwa na kiazi, hapakuwa na mabaki ya majani ya mwaka uliopita yaliyojikunja kwenye shina kama nguo chakavu. Kisha nikatazama machipukizi: kila chipukizi lilikuwa na kichwa cha maua. Mmea wa kudumu kwa kawaida huweka akiba, machipukizi mengine yakibaki majani matupu kwa ajili ya msimu ujao. Huu haukuweka kitu. Ulitumia vyote.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi, nami nimo. Mmea uking'olewa kwa mkono, rizomu inaweza kukatika na kubaki ardhini, na sampuli ikaonekana kuwa ya msimu mmoja kumbe si hivyo. Sampuli za ndago zilizonyofolewa hivyo zimejaa hebaria nyingi, yaani hazina za mimea iliyokaushwa, nazo hazifai hata kubishania. Ndiyo maana maneno ya kijana, "mpaka nikagonga mwamba", yalikuwa na thamani kuliko lebo yake nzima. Yalinihakikishia kwamba chini ya mizizi ile hapakuwa na kitu kilichobaki. Nilimwambia ayaandike.

Kuhusu kimo, nisiseme mengi. Vimea vya namna hii hukua kwa kadiri ya udongo vinaoupata. Mbegu ya mama mmoja ikiangukia udongo wa kina inaweza kutoa mmea wa sentimita 15, na nduguye kwenye vumbi la ufa akatoa maua akiwa na sentimita 2. Kimo kinakueleza habari za udongo.

Kufungua kisuke

Kwamba si jamii ya nyasi za kawaida halikuwa jambo la kubishana. Majani yalipangwa kwa safu tatu, na ala ya jani, ile sehemu inayolizunguka shina, ilikuwa bomba lililofungwa pande zote, ilhali kwa nyasi nyingi ala huwa imepasuka upande mmoja. Watu hufundishwa kuviringisha shina kati ya vidole ili kuzisikia pembe tatu. Kwa mmea ambao shina lake ni jembamba kama uzi wa kushonea, vidole haviambii kitu. Tazama ala.

Ukishajua kwamba uko katika familia ya Cyperaceae, swali linalokata mti haraka ni mpangilio wa vigamba kwenye kisuke. Kila ua la ndago limekaa kwapani mwa kigamba kimoja. Vigamba vikipangwa kwa kuzunguka kama magamba ya nanasi, uko kwenye Bulbostylis, Fimbristylis na jamaa zao, ambao wana vimea vingi vidogo vya msimu mmoja vinavyopenda mchanga na miamba hiyohiyo. Bulbostylis pia hujitangaza kwa nywele ndefu nyeupe kwenye mdomo wa ala. Vyangu havikuwa na nywele hizo, na vigamba vilikuwa vimejipanga safu mbili zinazotazamana, kisuke kikawa bapa kama unyoya mdogo. Hiyo ni Cyperus kwa maana pana.

Kwa maana pana, kwa sababu zamani kidogo tungeendelea kuuliza kama ni Pycreus, au Kyllinga, au Mariscus. Ushahidi wa DNA umewafanya wataalamu wa familia hii, akiwamo Mkenya Muthama Muasya wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kuzirudisha jenasi hizo ndogo ndani ya Cyperus. Wapo wanaonung'unika, na mezani nawaelewa, maana majina ya kale yalikuwa yakikuonyesha njia. Lakini alama zenyewe hazikufutwa pamoja na majina. Kuhesabu stigma, zile nyuzi za ua zinazopokea chavua, bado kunasaidia: zile za kundi la Pycreus na Kyllinga zina stigma 2 na kitunda bapa kama dengu, hizi nyingine zina stigma 3 na kitunda cha pembe tatu. Kwenye sampuli kavu stigma huwa zimekatika, kwa hiyo mtu asipoteze asubuhi nzima akizitafuta. Kitunda kitamwambia. Changu kilikuwa na pembe tatu.

Mpaka hapo safari ilikuwa nyepesi. Kisha nikaona ncha za vigamba.

Kila kigamba kilimalizika kwa ncha ndefu nyembamba iliyopinda kwenda nje, kama kucha ya paka iliyochomoza nusu. Ukikitazama kichwa kizima kwa jicho tupu, kilionekana kuwa na manyoya. Kati ya ndago ndogo za msimu mmoja, alama hiyo hutupa nje majirani wengi kwa mkupuo: Cyperus difformis, yule anayesumbua majaruba ya mpunga, ana vigamba vidogo butu na vichwa vya mviringo vilivyoshikana, Cyperus iria ni mkubwa zaidi, wa manjano, na vigamba vyake havina kucha. Nilibaki na wawili tu wa kuwafikiria, Cyperus squarrosus na Cyperus cuspidatus, na wote wawili wana kucha.

Tofauti yao iko kwenye kigamba chenyewe. Cha cuspidatus kina mishipa 3 iliyobanana katikati, mashavu yake ni laini, na kileleni ni kama kimekatwa kwa mkasi kabla ya ncha kuchomoza. Cha squarrosus kina mishipa mingi zaidi, 7 hivi, iliyoinuka hata pembeni kama mistari ya ubao wa kufulia, nacho hujichonga polepole mpaka kwenye ncha. Mpangilio nao hutofautiana: visuke vya cuspidatus hutoka mahali pamoja kama vidole vya mkono uliofunguliwa, vya squarrosus hukaa kuzunguka mhimili mfupi na kufanya kichwa cha duara au yai.

Niliweka kigamba kimoja kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni ya vyombo ili kilainike, nikakifungua kwa sindano chini ya hadubini. Mishipa 3. Nikaandika cuspidatus. Nikachukua kitunda kutoka kwenye vumbi la karatasi, nikakipima, kikawa kikubwa mno kwa cuspidatus. Nikarudi kwenye kigamba, safari hii kutoka kwenye kichwa kingine. Mishipa 7.

Nilifanya jambo ambalo sijivunii: nililaumu hadubini. Nikasafisha lenzi, nikahama dirisha, nikakunywa chai. Niliporudi nikahesabu tena na kupata 3 pale palipokuwa na 3, na 7 pale palipokuwa na 7.

Jibu lilikuwa la aibu kwa urahisi wake. Karatasi ilikuwa na mimea ya aina mbili. Nilipoacha kuchambua visehemu na kuvitazama vimea vyote 14 kimoja kimoja, vilijitenga vyenyewe: 11 vyenye vichwa vilivyokunjamana na magamba yenye mistari, 3 vyenye visuke vilivyotawanyika kama nyota na mashavu mekundu yaliyong'aa. Nilikuwa nimechukua kigamba kwa mmoja na kitunda kwa mwingine, nikamtengeneza mmea ambao haupo. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea maelezo yanayopingana, swali langu la kwanza ni kama yote yametoka kwenye mzizi mmoja.

Pua nayo iliitwa kutoa ushahidi. Gazeti lilipofunguliwa lilinukia, na kijana alikuwa ameomba radhi akidhani lilikaa jikoni karibu na viungo. Ilikuwa harufu ya uwatu. Cyperus squarrosus ikikauka hutoa harufu hiyo, na hubaki nayo kwa muda mrefu. Niliyatenga makundi mawili kwenye bahasha mbili usiku kucha, na asubuhi ile ya vimea 11 ilikuwa ikinukia waziwazi. Ile ya 3 sikuiamini pua yangu, kwa kuwa yote yalikuwa yamelala kitanda kimoja tangu Mei. Harufu ni shahidi mzuri anayekuja baada ya wengine kuapa, usimwite kwanza.

Jina squarrosus alilitoa mwanabotania Linnaeus mwaka 1756, nalo kwa lugha ya botania husemwa juu ya kitu chenye magamba yaliyotokeza ncha nje. Kwenye karatasi za zamani utaukuta mmea huuhuu ukiitwa Cyperus aristatus au Mariscus aristatus. Ni huyohuyo, kabadili kanzu.

Mchanga mkavu wa nani?

Jina lilipatikana, lakini lebo iliendelea kunikera. "Mchanga mkavu juu ya jabali." Vitabu huweka Cyperus squarrosus mahali penye unyevu wa msimu: kingo za vidimbwi, mchanga wa mito inayokauka, udongo mwembamba juu ya miamba, hata njia za magurudumu zinazotuamisha maji. Kijana hakudanganya. Alifika Mei. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kufikia Mei jabali limerudi kuwa kikaango. Alichokiona ni mchanga mkavu, na alikiandika.

Tulipanda pamoja Februari iliyofuata. Kabla hatujaanza kupanda, mama wa mtama alitusimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeifuata ndago yenu? Imekua?"

"Haikui zaidi ya hapo, mama. Ndiyo hivyo ilivyozeeka."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Kisha akatuambia jambo ambalo halikuwa kwenye ripoti: kwamba mvua zikiwa nzuri watoto huchota maji ya kuoga kule juu, na yakikauka wanarudi kusumbua kisimani.

Juu palikuwa na mabonde madogo yaliyochongwa na hali ya hewa kwenye graniti, mengine upana wa sinia, mengine upana wa chumba. Yote yalikuwa na maji. Tulikuwa na spoki ya baiskeli iliyotiwa alama kila sentimita, tukawa tunaichomeka kwenye udongo mpaka igonge mwamba. Ni kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kubeba jabalini, na ningependa kila lebo ya mmea wa mwambani iwe na namba yake. Katikati ya dimbwi palikuwa na maji na ukijani wa mwani. Ukingoni, pale maji yalipokuwa yakipanda na kushuka kila baada ya mvua, palikuwa na pete ya udongo wa sentimita 1 hadi 4, na pete hiyo ilikuwa imejaa squarrosus: mamia, kijani kibichi, kimo cha kidole, ncha zao zikiwa bado laini. Nje ya pete, udongo ulipoanza kukauka, Cyanotis na majani ya Craterostigma yaliyolala chini. Kwenye nyufa, Xerophyta na mashina yake meusi kama yaliyoungua.

Na wale 3? Tuliwakuta hatua 20 hivi chini, kwenye mchanga uliosombwa na maji na kulundikana penye mteremko, ambapo maji hupita wala hayakai. Kwa jabali hili moja, cuspidatus na squarrosus walikuwa wamegawana nyumba: huyu kwenye mchanga unaopitiwa, yule kwenye pete inayoloweshwa. Sitaifanya iwe sheria ya nchi nzima, kwa sababu wote wawili ni watembezi. Lakini ilieleza karatasi ilivyochanganyika. Mwezi wa Mei pete imekauka, maji ya mwisho yamekokota mchanga juu ya ukingo, mimea yote miwili ni kahawia na ina kucha, na mtu anayeinama mara mbili akidhani anaokota kitu kimoja hana kosa kubwa.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Kuna jambo linalostaajabisha kuona majirani wawili wakikabili adui mmoja kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Craterostigma na Xerophyta hubaki. Majani yao hukauka mpaka ukadhani yamekufa, kisha mvua ya kwanza ikinyesha yanajaa maji na kurudia ukijani. Ndago yetu haijaribu kuvumilia kiangazi. Inakikimbia kwa kuwa mbegu. Kuanzia Mei hadi Novemba hakuna Cyperus squarrosus hata mmoja anayesimama juu ya lile jabali. Kuna vumbi tu lenye vitunda visivyofika milimita, vikingoja. Mtu akifanya orodha Agosti atasema hayupo, na kwa macho yake atakuwa mkweli.

Muda wake ni mfupi, kwa hiyo lazima afanye haraka, na hapa ana kipawa cha ziada. Ni mmea unaotumia njia ya C4 katika usanisinuru, njia ambayo hufanya vizuri penye joto kali na jua la wazi na hubana matumizi ya nitrojeni. Mtu hushangaa kwa nini mmea wa dimbwini uwe na mashine ya mimea ya savana, mpaka aweke kiganja juu ya graniti saa saba mchana. Cyperus difformis wa majaruba, kwa kulinganisha, ni C3, njia ya mimea iliyo mingi. Jenasi moja, injini mbili.

Wa hapa au mgeni?

Kijana aliuliza kama mmea ambao uko Afrika, Asia na Amerika unaweza kuitwa wa asili ya hapa. Swali zuri, na jibu la haraka huwa baya. Kuenea mabara kadhaa peke yake hakuufanyi mmea kuwa mgeni; mimea midogo ya maji ya msimu yenye mbegu kama vumbi husafiri na matope ya miguu ya ndege tangu kabla ya meli na treni. Cyperus squarrosus huhesabiwa kuwa wa asili karibu eneo lake lote la tropiki, Afrika ikiwemo. Na jabalini kwetu ushahidi ulikuwa mbele ya macho: alikuwa amekaa ndani ya jamii ya mimea ya mwamba ambayo hakuna mkulima aliyewahi kuitengeneza, mahali ambapo jembe lingevunjika.

Lakini hapo ndipo nilipolazimika kumpunguzia kijana furaha. Alitaka ripoti mpya iseme "spishi adimu". Si adimu. Ni mmea wa kawaida, na uaminifu unanitaka niongeze kwamba humea pia mahali palipovurugwa: mchanga wa kando ya barabara, mashamba, mitaro. Kumpata peke yake hakuthibitishi kwamba mahali ni pazima. Kosa la ripoti ya kwanza lilikuwa kuufanya mmea mmoja, tena uliotambuliwa vibaya, uwe hukumu ya jabali zima. Tusingelitibu kwa kurudia mchezo uleule upande wa pili. Mmea wa kawaida ulioandikwa kwa jina lake una faida kuliko mmea adimu wa kubuni, maana wa kubuni mtu wa kwanza anayejua kazi atakapoukagua ataitupa orodha nzima pamoja nao.

Tulichoandika kwenye maoni yetu juu ya rasimu ya ripoti ni kifupi. Hakuna Cyperus rotundus iliyoonekana juu ya jabali. Ipo shambani chini yake. Juu kuna mabonde ya maji ya msimu yenye mimea ya msimu mmoja ukingoni, pamoja na mimea ifufukayo kwenye nyufa na udongo mwembamba, na mchanganyiko huo ndio unaoonyesha mwamba ambao udongo wake haujakwanguliwa. Orodha ya Mei ilifanywa baada ya maji kukauka, kwa hiyo haiwezi kutumika kusema ni nini hakipo; inahitaji nyingine ya Januari hadi Machi. Na maji ya mabonde hayo hutumiwa na watu. Sentensi ya mwisho tuliiongeza kwa ajili ya mama wa mtama, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko zile zenye Kilatini.

Sampuli za Februari zilikaushwa vizuri. Kwa vimea vidogo hivi ninapenda kuweka 15 au 20 kwenye karatasi moja, kikubwa na kidogo, chenye mizizi na udongo wake kidogo, na bahasha ndogo pembeni ya kukamata vitunda vinavyopukutika. Kila rundo lilichukuliwa kwenye dimbwi moja tu, tukalihakiki kwa lenzi palepale kabla ya kulifunika. Nakala moja ni ya Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha, moja ni ya hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Zile karatasi za Mei hatukuzitupa. Gazeti la zamani liligawanywa mara mbili, vimea 11 huku na 3 kule, kila kundi na rejeo linaloonyesha mwenzake. Lebo ya kwanza haifutwi; hubandikwa kikaratasi cha marekebisho chini yake. Kijana ndiye aliyekiandika cha wale 11, kwa mwandiko mdogo ili maneno yatoshe:

"Cyperus squarrosus L. Mmea wa msimu mmoja, umekomaa, vitunda vinapukutika. Ulichimbwa mpaka kwenye mwamba: hauna rizomu wala kiazi. Ukikauka hunukia uwatu. Pete ya ukingo wa dimbwi la msimu juu ya graniti, udongo sentimita 1 hadi 4, umelowa Februari, umekauka Mei. Lebo ya awali ilisema mchanga mkavu. Ilikuwa kweli siku hiyo."

Nilimwuliza kama hicho kipande cha mwisho ni cha lazima. Akasema ndiyo, Mwalimu, nikakiacha.